Asilimia Nazo Haziliwi

"Demokrasia hailiwi." Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba anayeitamka haoni tena haja ya kuitetea. Utaisikia kijiweni asubuhi magazeti yanapoperuzwa, utaisikia ndani ya basi la mkoani, utaisikia kwenye makongamano ya wasomi. Ukiirefusha inasema hivi: nchi zetu ni maskini na muda hautusubiri. Tunachohitaji ni kiongozi mwenye msimamo atakayejenga barabara, reli na viwanda. Uchumi ukishakua, watu wameshiba na wamesoma, hapo ndipo tuzungumze habari za tume huru, maandamano na uhuru wa magazeti. Kwa sasa hayo ni anasa.

Wanaoishikilia kauli hii si wajinga, na wengi wao hawana nia mbaya, kwa hiyo hoja zao zielezwe kwa haki. Wanakumbusha kwamba mwishoni mwa 2007 Wakenya walipiga kura, na wiki chache baadaye watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wameyakimbia makazi yao. Wanaonyesha China, ambako watu takribani milioni 800 wametoka katika ufukara uliokithiri tangu mageuzi ya 1978, chini ya chama kimoja. Wanaonyesha Singapore ya Lee Kuan Yew. Wanaonyesha Rwanda, iliyoinuka kutoka mauaji ya kimbari ya 1994 na kujenga uchumi unaokua kwa kasi bila purukushani za vyama. Kuhusu pengo kati ya tajiri na maskini, wanatuambia tusitishike, kwamba ni hatua ya kupita. Keki iokwe kwanza, kugawana kutafuata.

Nimeisikiliza hoja hii kwa miaka mingi na sikubaliani nayo hata kipande. Suala la nani alipe na nani apate haliwezi kuahirishwa hata kwa siku moja. Linaamuliwa kila bajeti inapopitishwa, kila mkataba unaposainiwa, kila shamba linapotwaliwa. Mwananchi anapoambiwa asubiri, uamuzi hausubiri. Unafanyika bila yeye.

1. "Uchumi ukikua, utamfikia kila mtu"

Tuanze na Tanzania, maana takwimu zake ni za serikali yenyewe. Kwa zaidi ya miaka kumi kuanzia 2007 uchumi ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, kasi ambayo nchi nyingi za dunia hazikuifikia. Katika kipindi hicho umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi 28.2 mwaka 2011/12, kisha 26.4 mwaka 2017/18. Itazame vizuri hatua ya pili. Miaka sita ya ukuaji mkubwa, miaka sita ya kuzindua miradi na kukata utepe, iliwatoa kwenye umaskini watu wasiofika wawili katika kila mia. Na kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini haikupungua. Mwaka 2018 walikuwa kama milioni 14, wengi kuliko walivyokuwa 2007.

Mstari wenyewe wa umaskini ulichorwa wapi? Kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanya kwa siku thelathini, unapata shilingi 1,644. Wakati huo nauli ya daladala Dar es Salaam, kwa njia fupi, ilikuwa shilingi 400, yaani 800 kwenda na kurudi. Mtu wa mstarini akitoka kutafuta kibarua na kurudi nyumbani, amebakiwa na shilingi 844 za kula, kuvaa, kulipa pango na kumnunulia mtoto dawa ya homa. Aliyetumia shilingi 50,000 kwa mwezi alihesabiwa kuwa ameshatoka kwenye umaskini. Huyo ndiye anayeambiwa sauti yake isubiri mpaka ashibe.

Sababu haijajificha. Kilichokua kwa kasi ni ujenzi, madini, mawasiliano na benki. Kilimo, kinachobeba karibu theluthi mbili ya nguvu kazi, kilijikongoja nyuma. Hayo hayakushuka kama mvua. Yalitokana na maamuzi kuhusu pembejeo zimfikie nani, barabara ipite wapi, msamaha wa kodi apewe nani, na nani akatwe ushuru getini akiwa na magunia matatu ya mahindi. Mkulima asiye na njia ya kumbana diwani wake, mbunge wake na waziri wake hataingia kwenye maamuzi hayo, hata uchumi ukue kwa asilimia 10.

Wanaosema pengo litajiziba lenyewe humtegemea, wajue wasijue, mchumi Simon Kuznets na makala yake ya 1955. Kuznets alidhani pengo la kipato hupanuka mwanzoni mwa maendeleo ya viwanda na kupungua baadaye. Lakini alionya kwa maandishi yake mwenyewe kwamba ushahidi aliokuwa nao ulikuwa kama asilimia 5 tu ya makala, na zile 95 zilikuwa makisio. Onyo likasahauliwa, makisio yakawa sera. Hata huko Uingereza, ambako viwanda vilianzia, wafanyakazi walipata sehemu yao kwa kupigania: vyama vyao vilihalalishwa 1871, na haki ya kupiga kura ikapanuliwa 1867, 1884 na 1918. Pengo lilizibwa na watu waliopata sauti.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Nchi inayoahirisha sauti za watu huishia kuziogopa hata hesabu. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania lilibadili Sheria ya Takwimu na kufanya kuwa jinai kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka huo huo taasisi ya Twaweza ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba kukubalika kwa Rais John Magufuli kumeshuka hadi asilimia 55, na mkurugenzi wake akanyang'anywa pasipoti. Aprili 2019 serikali ilizuia kuchapishwa kwa ripoti ya Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu uchumi wake. Sheria ile ililegezwa Juni 2019, baada ya malalamiko, ikiwemo ya Benki ya Dunia. Basi nauliza kwa dhati: mtu anayetuambia ukuaji utamfikia kila mmoja, akikataza kupima kama umemfikia, tumwamini kwa kipi?

2. "Mbona Singapore waliweza?"

Singapore ilikuwa na watu wasiofika milioni 2 mwaka 1965. Lee Kuan Yew alikuwa na mkono mzito kwa wapinzani na magazeti, hilo halina ubishi. Lakini serikali yake ilijenga nyumba ambazo leo zinakaliwa na karibu asilimia 80 ya wakazi, na ofisi ya kuchunguza rushwa ilimfikia hata waziri. Korea Kusini iligawa ardhi kwa wakulima wake karibu na 1950, zaidi ya miaka kumi kabla ya Jenerali Park Chung-hee kuchukua madaraka. Wanaotuletea mifano hii huchukua bakora, wakaacha nyumba na ardhi.

Na hawawahesabu walioshika bakora bila kujenga. Mobutu alitawala Zaire kuanzia 1965 hadi 1997, hakuna aliyeweza kumpinga, na aliiacha nchi yenye kila aina ya madini ikiwa haina barabara ya kuivuka. Idi Amin hakuwa na bunge la kumchelewesha. Moi aliifanya Kenya kuwa ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, na kashfa kubwa ya rushwa ya Goldenberg ikazaliwa katika mfumo uliozoea kutoulizwa maswali. Ukichagua washindi wawili na kuwafumbia macho walioanguka ishirini, unajitafutia faraja tu. Daron Acemoglu na wenzake walipozitazama nchi 175 kati ya 1960 na 2010, katika utafiti uliochapishwa 2019, walikuta kwamba nchi inayoingia kwenye demokrasia huongeza pato la kila mtu kwa takribani asilimia 20 katika miaka 25 inayofuata.

Afrika nayo ina mfano wake. Botswana imekuwa na vyama vingi tangu uhuru wa 1966, ikawa miongoni mwa chumi zilizokua kwa kasi kuliko zote duniani, na mwaka 2024 chama kilichotawala kwa miaka 58 kilishindwa, rais akakabidhi ofisi. Botswana bado ina pengo kubwa mno la kipato. Kwa hiyo sidai kwamba sanduku la kura peke yake linatosha. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kulifunga kunasaidia.

3. "Kiongozi imara huamua haraka"

Hapa nitakaa, kwa sababu hoja hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na kwa sababu watu wa kusini mwa Tanzania waliilipia.

Mwaka wa mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala huanza Juni, anapopulizia mikorosho salfa isishikwe na ubwiri unga. Salfa hununuliwa kwa pesa taslimu au kwa mkopo. Kuanzia Septemba mabibo yanaanguka, na familia nzima inashinda shambani ikiokota, ikitenganisha korosho na bibo, ikizianika juani. Zikikauka zinajazwa kwenye magunia na kupelekwa kwa baiskeli au bodaboda hadi chama cha msingi. Pale zinapimwa, mkulima anapewa risiti, na mzigo unakwenda ghala kuu kungoja mnada. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani. Toka siku ya risiti hadi siku pesa inapoingia benki, mkulima huyu hana korosho wala hana pesa. Ana karatasi.

Juni 2018 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyoupeleka Mfuko Mkuu wa Hazina ushuru wote wa korosho zinazosafirishwa nje, wakati kabla ya hapo sehemu kubwa ya ushuru huo ilirudi kwenye zao lenyewe kununua salfa na pembejeo. Wabunge wa Lindi na Mtwara walipinga ukumbini. Lakini matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yalikuwa yamesitishwa tangu Januari 2016, na mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu mwaka huo huo, hivyo mpiga kura wa Masasi hakuweza kumwona mbunge wake akimtetea, wala mbunge wa upinzani hakuruhusiwa kusimama sokoni nje ya jimbo lake kueleza kilichotokea. Sheria ikapita.

Oktoba minada ilipofunguliwa, wanunuzi walitoa bei za chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia baadhi ya minada ilipita 4,000. Wakulima wakagoma kuuza, na walikuwa na haki. Novemba Rais John Magufuli aliwafuta kazi Waziri wa Kilimo na Waziri wa Viwanda na Biashara, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na jeshi litazisomba. Malori ya JWTZ yakaingia Mtwara. Nchi nzima ikashangilia, na namwelewa kila aliyeshangilia: hatimaye mkubwa alisimama upande wa mkulima.

Yaliyofuata hayakushangiliwa na mtu. Kabla ya malipo kulikuwa na uhakiki wa kuwasaka wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye njaa kwa bei ya kutupa. Mwenye mzigo mkubwa alitakiwa aonyeshe shamba lake. Januari shule zikafunguliwa, na wakulima wengi walikuwa bado wanafuatilia majina yao kwenye orodha. Waliokopa dukani walifuatwa na wenye maduka. Aliyekodi vibarua wa kuokota alidaiwa na vibarua. Serikali nayo ilibaki na shehena ambayo haikuwa na mnunuzi. Kampuni kutoka Kenya ilisaini mkataba wa tani 100,000 Januari 2019, na haikununua. Zao lililotoa zaidi ya tani 300,000 msimu wa 2017/18 likashuka chini ya tani 250,000 msimu uliofuata, na mashamba yaliyokosa salfa kwa wakati yalijionyesha.

Uamuzi ule ulikuwa wa haraka kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema, bila kuhofia kazi yake wala usalama wake: pesa ya kulipa korosho zote ipo? Soko la kuziuzia lipo? Uhakiki utachukua miezi mingapi? Maswali hayo yalijulikana. Maofisa wa ushirika waliyajua, wabunge wa kusini waliyajua, hata mwenye duka la salfa Newala aliyajua. Nchi ambayo walio na majibu wanaogopa kufungua mdomo itafanya makosa haraka na kuyasahihisha taratibu, na gharama ya kusubiri atailipa mwenye karatasi ya ghala.

4. "Kenya wanayo demokrasia, imewafikisha wapi?"

Swali ni la haki. Kenya ina Katiba ya 2010, mahakama zenye meno, magazeti yasiyonyamaza, na bado imezama kwenye madeni na kodi. Lakini chunguza ni wapi hasa ilipoumia.

Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017, kwa gharama ya takribani dola bilioni 3.6, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mikataba yake ilifichwa. Wanaharakati walikwenda mahakamani kuidai, na ni Novemba 2022 tu, miaka mitano baada ya treni kuanza kutembea, ndipo sehemu yake ilipowekwa wazi. Reli ilihitaji mizigo ili ijilipe, kwa hiyo mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makontena ya kwenda bara yapande treni. Mombasa ikabaki inayatazama yakipita. Madereva wa malori na mataniboi wao, wenye maghala ya Changamwe, mawakala wa forodha, mama wanaopika kando ya barabara kuu Mariakani, wote walikatwa riziki na mkataba ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Wakazi wa Mombasa waliandamana kila Jumatatu. Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo Novemba 2020, na Septemba 2022 rais mpya akatangaza, siku ya kuapishwa kwake, kwamba mizigo irudi bandarini.

Mpangilio huo unasema wazi. Kilichowaumiza Wakenya ni kile walichofichwa: deni lililosainiwa gizani. Kilichowasaidia ni mahakama, maandamano na kura. Kisha watu wanaitazama Kenya na kusema demokrasia imeshindwa.

Juni 2024 deni lilifika mlangoni. Hati fungani ya dola bilioni 2 iliyokopwa 2014 ilikuwa inaiva mwezi huo huo, na serikali ikaleta Muswada wa Fedha uliolenga kukusanya shilingi za Kenya bilioni 346 zaidi. Ndani yake kulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwenye magari. Vijana wakaufasiri muswada kwa lugha za makabila, hata kwa lugha ya alama, wakausambaza kwenye simu. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, vijana wakaingia Bungeni, na polisi wakafyatua risasi. Tarehe 26 Rais William Ruto alitangaza kwamba hatausaini. Mwanzoni mwa Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Hao walikuwa watoto wa watu, na walikufa wakidai kitu cha kawaida kabisa: wasilipishwe mkopo ambao hawakuulizwa.

Ni kweli pia kwamba kura za Kenya hununuliwa, na za Tanzania vilevile. Hapa ndipo mjadala wa pengo la kipato unapogusa demokrasia yenyewe. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliruhusu takrima, mgombea kuwakirimu wapiga kura wake, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006 kwa sababu ilimpa tajiri nafasi ambayo maskini hana. Majaji waliona tatizo barabara. Ukuaji unaotajirisha wachache huwapa wachache hao pesa za kununua kanga, fulana, kura za maoni, kisha kiti, kisha sheria ya kodi inayowafaa. Anayesema tukuze uchumi kwanza na tusijali pengo anawajengea wanunuzi mtaji, halafu anarudi kulalamika kwamba uchaguzi umenunuliwa.

5. "Sauti nyingi huleta vurugu"

Ethiopia ilikua kwa karibu asilimia 10 kwa mwaka kwa zaidi ya miaka kumi kuanzia 2004. Ilijenga reli, mabwawa na viwanda vya nguo, na wageni walimiminika Addis Ababa kujifunza. Katika uchaguzi wa 2015 chama tawala na washirika wake walichukua viti vyote vya Bunge. Wakati huo huo wakulima wa Oromo pembezoni mwa jiji walikuwa wakihamishwa kupisha miji na viwanda, kwa fidia ndogo. Kuanzia 2014, na kwa nguvu zaidi mwishoni mwa 2015, waliandamana kuupinga mpango wa kulipanua jiji. Mamia waliuawa. Mpango ukafutwa Januari 2016, hali ya hatari ikatangazwa Oktoba, na Februari 2018 Waziri Mkuu Hailemariam Desalegn akajiuzulu. Novemba 2020 vita vya Tigray vikaanza. Desemba 2023 nchi ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 ya hati fungani yake. Hasira isiyo na mlango wa kutokea haikupunguzwa na asilimia 10. Ilikua pamoja nazo.

Na Kenya ya 2007, inayotajwa kila mara? Tume ya Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilikuta hesabu zimevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Watu waliingia barabarani kwa kuamini kwamba kura yao haikuhesabiwa. Miaka kumi baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa rais, na walioshindwa walikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yao.

Sisi Watanzania tuliambiwa kwa miongo mingi kwamba utulivu wetu ni thawabu ya kunyamaza. Oktoba 2025 mshindani mmoja mkuu alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini, mwingine alikuwa ameondolewa kwenye orodha ya wagombea, na matokeo yaliyotangazwa yalimpa mshindi zaidi ya asilimia 97. Tarehe 29, siku ya kupiga kura, vijana waliingia barabarani. Intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu waliuawa, na idadi yao ikabaki mabishano. Duka lililofungwa, basi lililokwama Mbezi, mjasiriamali aliyepoteza wateja wa mtandaoni, hayo yote ni uchumi. Msiba nao una mzigo ambao hakuna pato la taifa linaloupima.

6. "Mwananchi wa kawaida hajui uchumi"

Hii husemwa kwa sauti ya chini, lakini ndiyo inayozibeba zote. Ni dharau, na ushahidi unaikataa.

Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya ada za kampuni. Wataalamu waliipigia hesabu ya makusanyo. Mama anayemtumia mwanawe pesa ya chakula bwenini aliipigia hesabu nyingine: kiasi kile kile kinakatwa mara mbili, akituma na mwanawe akitoa, na pesa yenyewe si faida wala mshahara, ni msaada wa familia. Watu walirudi kubeba noti mfukoni na kuzituma kwa makondakta wa mabasi. Kelele zikawa kubwa, serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30 mwaka huo huo, na miaka iliyofuata ikaendelea kuilegeza. Nani alijua uchumi?

Nenda pia kijijini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanakijiji. Pale mkutano unapofanyika kweli, chini ya mwembe au kwenye darasa la shule ya msingi, utamkuta mzee asiyemaliza darasa la nne akimsimamisha mtendaji: mifuko 60 ya saruji imeandikwa, mbona tofali zilizofyatuliwa hazifiki hesabu hiyo? Ushuru wa mnada wa Jumamosi umeandikwa wa wiki tisa, mbona mnada umekaa mara kumi na mbili? Hakuna mkaguzi kutoka wilayani anayeweza kumpita mtu aliyebeba maji ya kufyatulia tofali hizo kwa ndoo yake. Wapo wenyeviti waliong'olewa kwa maswali ya aina hiyo, na yapo madarasa yaliyoezekwa kwa sababu yaliulizwa.

Na vipo vijiji vingi ambako mwaka mzima unakatika bila mkutano hata mmoja, ubao wa matangazo ukiwa mtupu, na mtendaji akijibu kwamba wananchi hawahudhurii. Wasomaji wangu wengi wana kijiji au mtaa wanakotoka, na wanamjua mtendaji wake kwa jina. Mumuulize mkutano wa robo hii ni tarehe ngapi, na kitabu cha mapato kije na stakabadhi zake.